Haina Sukari, Lakini Ina Nini?

Kabla ya kulaumu amiba, fungua mkoba wako. Muuguzi anaeleza jinsi ya kusoma pakiti ya chingamu.

Wifi yangu ni mke wa mdogo wangu, na tunapendana kama watoto wa tumbo moja. Ni karani katika ofisi moja mjini, mama wa watoto watatu, mtu wa kucheka sana na mwenye mwili wake. Kwa hiyo alipokuja nyumbani kwangu Jumamosi moja jioni na kuvua mtandio, nilishtuka. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza. Gauni lililokuwa likimbana sasa lilining'inia.

"Wifi, mbona unakwisha?" nilimwuliza.

Hakujibu mara moja. Aliangalia kwanza kama mlango umefungwa, ndipo akanieleza. Tumbo lilikuwa likimsumbua kwa miezi mitano. Linajaa, linanguruma hata wenzake ofisini wanasikia, kisha anakimbilia chooni mara tatu au nne kwa siku. Katika zahanati moja aliambiwa ana amiba, akapewa dawa. Alipata nafuu siku chache, tumbo likarudi. Katika zahanati nyingine wakasema ni taifodi. Dawa tena. Mara ya tatu alinipigia simu mimi, nami, muuguzi wa miaka zaidi ya ishirini, bila hata kumwona, nilimwambia arudie dawa ya amiba. Nasema haya ili usidhani kwamba anayekuandikia ni mtu asiyekosea.

Lililomwumiza zaidi halikuwa tumbo. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona. Mtaani kwetu, mwanamke anayekonda na kuharisha hupewa jina la ugonjwa kabla hajapimwa. Alikuwa amekwenda kupima Virusi vya Ukimwi peke yake, kimya kimya, na majibu yakaonyesha hana. Alirudia baada ya miezi mitatu; hana. Kifua kikuu, hana. Hata hivyo mume wake alikuwa amepunguza maneno nyumbani, na ukimya ule ndio uliomleta kwangu.

Nilianza kumwuliza upya, swali moja baada ya jingine, kama tulivyofundishwa chuoni. Asubuhi unakula nini? Maji ya kunywa unayachemsha? Unatumia dawa gani? Sikupata kitu. Katikati ya maongezi alifungua mkoba, akatoa kipande cha chingamu, akakitia mdomoni. Haikupita robo saa akakitema, akatoa kingine.

"Unatafuna vingapi kwa siku?" nilimwuliza.

"Aa, wifi, hii haina sukari," alinijibu, akanionyesha pakiti. "Si unajua mama alivyoteseka na kisukari? Mimi sukari nimeiaga. Hii ndiyo inanisaidia nisitamani maandazi ya ofisini."

Nilimwomba amwage mkoba mezani. Zilidondoka pakiti mbili tupu na moja iliyofunguliwa asubuhi ile. Tulihesabu pamoja: vipande 15, siku nyingine hadi 20. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha wifi yangu kilikuwa mkobani.

MANENO YALE MAWILI

Akina mama wengi tukisoma "haina sukari" tunaelewa "haina madhara". Lakini maneno hayo yanatuambia kitu kisichokuwemo. Kilichomo kimeandikwa upande wa pili wa pakiti, kwa herufi ndogo, mahali ambapo hatuangalii.

Chingamu, ambayo wengine tunaiita bigijii, ni ulimbo uliotiwa utamu, harufu na wakati mwingine rangi. Zamani ulimbo huo ulitokana na utomvu wa mti unaoota huko Meksiko na Guatemala; siku hizi sehemu kubwa hutengenezwa viwandani. Ulimbo wenyewe hauyeyuki, ndiyo maana tunautema. Lakini utamu, harufu na rangi huyeyuka katika mate, nasi tunavimeza. Kwa hiyo chingamu ni chakula, ingawa hakuna anayeihesabu kuwa chakula. Mgonjwa akiulizwa amekula nini tangu asubuhi, atataja chai, mkate na wali maharage. Chingamu haitaji, wala sisi wauguzi hatumwulizi.

UTAMU UNATOKA WAPI?

Katika chingamu isiyo na sukari, utamu hutoka katika makundi mawili.

Kundi la kwanza wataalamu huliita polioli. Humo kuna sobitoli, manitoli, zailitoli, maltitoli, isomalti na erithritoli. Si vitu vya ajabu. Sobitoli, kwa mfano, imo kiasili katika matunda kama peasi na plamu. Zina faida pia: bakteria wa mdomoni hawawezi kuzigeuza kuwa asidi inayotoboa meno kama wafanyavyo kwa sukari, na kutafuna huongeza mate yanayosafisha meno baada ya chakula. Ndiyo maana madaktari wa meno hawaikatazi chingamu ya namna hii.

Shida iko tumboni. Utumbo mwembamba hufyonza polioli polepole na kwa sehemu tu. Zinazobaki huvuta maji kuingia ndani ya utumbo, kisha hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha kama togwa inavyochachuka mtungini. Kuchachuka huko hutoa gesi. Sasa una maji na gesi mahali pamoja: tumbo linajaa, linanguruma, linauma, mwishowe unaharisha. Hapo hakuna mdudu wa kuuawa na dawa. Erithritoli ina unafuu kidogo, kwa kuwa sehemu yake kubwa hufyonzwa mapema na kutoka na mkojo.

Kiasi ndicho kinachoamua. Watu wengi wakipata sobitoli ya gramu 5 hadi 20 kwa siku huanza kusikia gesi na tumbo kujaa. Ikizidi gramu 20 wengi huharisha. Kipande kimoja cha chingamu kinaweza kuwa na gramu 1.25 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Anayetafuna kimoja baada ya chakula cha mchana na kimoja baada ya cha jioni hafikii hata gramu 3. Wifi yangu na vipande vyake 15 alikuwa karibu gramu 19, na siku za vipande 20 alifika gramu 25.

Usidhani ni yeye tu duniani. Mwaka 2008 madaktari wa Berlin, Ujerumani, waliandika katika jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, habari za wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa miaka 21 aliyekuwa ameharisha kwa miezi minane na kupungua kilo 11. Wa pili alikuwa mwanamume wa miaka 46 aliyepungua kilo 22 katika mwaka mmoja. Walipimwa vipimo vya kila aina. Mwisho waliulizwa juu ya chingamu na peremende: yule mwanamke alikuwa akipata sobitoli gramu 18 hadi 20 kila siku, na yule mwanamume kama gramu 30. Walipoacha, kuharisha kulikoma na uzito ukaanza kurudi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, chakula chenye polioli zaidi ya asilimia 10 lazima kiandikwe onyo kwamba kikiliwa kupita kiasi huweza kuharisha. Itafute sentensi hiyo kwenye pakiti yako. Mara nyingi ipo, imebanwa pembeni.

Kundi la pili ni viongeza utamu vikali kama aspatamu, asesalfamu K na sukralosi. Aspatamu ni tamu kama mara 200 kuliko sukari, kwa hiyo kipande cha chingamu huwekewa miligramu chache tu. Mwaka 2023 habari zilienea kwamba aspatamu imewekwa katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ni kweli iliwekwa huko, lakini katika ngazi ya ushahidi hafifu, na mwaka huo huo kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na FAO iliacha kiwango cha zamani bila kukibadili: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa mama wa kilo 60 ni miligramu 2,400. Kwa chingamu peke yake hatakifikia.

Wako hata hivyo wasiopaswa kuigusa kabisa. Ni wale waliozaliwa na ugonjwa adimu uitwao fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuvunja fenilalanini, na aspatamu ikivunjika hutoa kitu hicho. Ndiyo maana pakiti yenye aspatamu huandikwa kwamba ina fenilalanini. Kwa sisi wengine maneno hayo si ya kututia hofu.

MZIO NI KITU KINGINE

Mama anaweza kusema, "Mwanangu ana aleji ya chingamu," kumbe tumbo lake limezidiwa tu. Tofauti hii ni kubwa na inaweza kuokoa maisha.

Tumbo lisilostahimili hukasirika kwa kadiri ya kiasi: kidogo halisemi kitu, kingi linalia. Dalili ni gesi, msokoto na kuharisha. Mzio hauhitaji kiasi kikubwa. Kinga ya mwili huichukulia protini fulani kuwa adui, na hata punje ndogo inaweza kuleta vipele vinavyowasha, kuvimba midomo, macho au ulimi, kutapika, kukohoa na kupumua kwa shida. Mtu akivimba mdomo au akibanwa pumzi, usimpe maziwa wala usingoje uone. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na asitafune tena kitu kile kwa ajili ya kujaribu.

Yako pia matatizo ya mdomoni tu. Harufu ya mdalasini na ya mnanaa, hasa kwa mtu anayetafuna kutwa nzima, inaweza kuwasha ulimi na mashavu kwa ndani hadi kutokea vidonda au mabaka meupe. Ukiona mdomo unauma na dawa ya vidonda haisaidii, badilisha harufu au acha kwa muda.

JINSI YA KUSOMA PAKITI

Chukua miwani kama unatumia, kaa penye mwanga, ufuate hatua hizi.

1. Anza na mwanzo wa orodha. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Polioli ikiwa ya kwanza au ya pili, ujue ndiyo iliyobeba pakiti.

2. Tafuta majina yanayoishia na herufi i-t-o-l. Karibu polioli zote huishia hivyo, isipokuwa isomalti. Zikiwa tatu katika pakiti moja, tumbo lako linazijumlisha.

3. Kama hakuna majina, soma namba. Baadhi ya viwanda huandika namba peke yake, yenye herufi E mbele au herufi INS. Namba ni ile ile.

4. Tafuta vyenye kuleta mzio. Lesithini mara nyingi hutokana na soya. Ina protini kidogo mno, na wengi wenye mzio wa soya huistahimili, lakini mwenye mzio mkali amwulize daktari kwanza. Chingamu nyingine za kuimarisha meno hutiwa protini ya maziwa. Kwa mtoto mwenye mzio wa maziwa hiyo ni hatari. Chache zina jelatini, ambayo hutokana na wanyama.

5. Angalia rangi. Tartrazini, ambayo ni rangi ya manjano, huwaletea watu wachache vipele. Tangu mwaka 2010 vyakula vyenye rangi hiyo vinavyouzwa Umoja wa Ulaya huandikwa onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto.

6. Jua kwamba orodha haisemi yote. Maneno ya jumla kama "ulimbo" na "harufu" hufunika vitu vingi vidogo. Mwenye mzio akiwa na shaka, asitafune.

Sasa, dukani kwa Mangi chingamu huuzwa kipande kimoja kimoja kutoka kwenye boksi au chupa, na karatasi yake haina nafasi ya kuandika chochote. Usione haya. Mwambie muuza duka, "Naomba nione boksi lake." Kwa Tanzania, usimamizi wa ubora wa vyakula, lebo zikiwemo, uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Pakiti isiyo na orodha ya viambato, au iliyoandikwa lugha usiyoijua, iache pale pale.

KATA UIWEKE MKOBANI

E 420 – sobitoli
E 421 – manitoli
E 953 – isomalti
E 965 – maltitoli
E 967 – zailitoli
E 968 – erithritoli
E 951 – aspatamu
E 322 – lesithini (uliza kama ni ya soya)
E 102 – tartrazini

JARIBIO LA MAJUMA MAWILI

Sikumwambia wifi yangu kwamba nimepata jibu. Nilimpa daftari la shule la kurasa 40, nikamwambia afanye hivi, nawe unaweza kufanya kama shida yako ni ya tumbo tu, si ya mzio.

Kwa siku tatu za kwanza usibadili kitu. Andika kila kinachoingia mdomoni, chingamu na peremende zikiwemo, na kila safari ya chooni. Baada ya hapo acha kabisa vitu vyenye polioli kwa majuma mawili. Kumbuka havimo katika chingamu tu. Vimo katika peremende na biskuti za wagonjwa wa kisukari, na katika dawa nyingi za maji za kikohozi na za watoto. Usiache dawa uliyoandikiwa. Mwulize mfamasia kama ina sobitoli.

Chakula kingine kiache kama kilivyo. Ukiacha chingamu, maziwa na maharage kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichokuwa na makosa. Tumbo likitulia, rudisha chingamu kwa siku moja uone. Likichafuka tena, umepata ushahidi wako. Baada ya hapo tafuta kiasi unachokiweza: wengine ni vipande viwili, wengine hata kimoja ni kingi, hasa wale ambao matumbo yao ni mepesi kuvurugika siku zote.

Angalizo kwa wenye kisukari: dawa ya metformini nayo huharisha baadhi ya watu. Mtu anaweza kuilaumu dawa na kuiacha kumbe chingamu inachangia. Usiache dawa kwa kubahatisha. Peleka daftari lako kliniki.

Na kwa watoto: chingamu si ya mtoto mdogo ambaye hajajua kutema, kwa kuwa inaweza kumkaba. Mwili wake ni mdogo, hivyo vipande vinne ambavyo wewe huvisikii vinaweza kumharisha. Mtoto wa shule akilalamika tumbo kila jioni, kagua mifuko ya kaptura kabla ya kufika duka la dawa.

USIACHE KUPIMWA

Nakuomba, mama, usiichukue habari hii ukaitumia kukwepa hospitali. Kuharisha kunakozidi majuma mawili, kupungua uzito, damu katika choo, homa au jasho la usiku ni mambo ya kuchunguzwa na daktari. Wifi yangu alifanya vema kupima Ukimwi na kifua kikuu kabla hatujazungumza habari za chingamu, na angekuja kwangu bila majibu hayo ningempeleka mwenyewe. Swali la chingamu ni la kuongeza katika orodha ya maswali. Haliondoi mengine.

Siku ya nne baada ya kuacha, aliniambia kwenye simu kwamba amelala usiku kucha. Juma la pili lilipoisha alikuwa akienda chooni mara moja kwa siku. Tulipofika siku ya jaribio alitafuna vipande 12, na saa kumi jioni tumbo lilikuwa likiunguruma kama pikipiki. Alicheka hadi akalia.

Lakini alichofanya baadaye ndicho kilichonifurahisha zaidi. Alilifungua daftari mezani mbele ya mume wake, pamoja na karatasi za vipimo alivyovificha kwa miezi, akamsomea kila kitu. Mdogo wangu alinipigia simu usiku ule. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Dada, mimi nilikuwa naogopa kumwuliza." Walikuwa wamelala kitanda kimoja miezi mitano, kila mmoja na hofu yake, na pakiti ya chingamu ikiwa juu ya kabati.

Siku hizi anatafuna kipande kimoja baada ya chakula cha mchana, na gauni limeanza kumbana tena. Mimi nami nimejifunza. Mgonjwa wa tumbo akiketi mbele yangu, nikishamaliza kumwuliza habari za maji, chakula na dawa, sasa naongeza swali moja: "Na mdomoni, kutwa, unatafuna nini?"